Ugonjwa wa Sukari: Boni Ikipunguzwa, Nini Isikatwe



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, viatu vya kazi, miwani na vumbi la mawe. Leo tutasema juu ya vyombo vingine vya usalama ambavyo magazini ya kazi haitoi: chupa ndogo ya insulini, sindano, na kile kijikaratasi cha kupimia sukari katika damu tunachokiita bandeleti. Kwa mutu mwenye ugonjwa wa sukari, vitu hivyo ni sawa na kofia kwa mutu anayetumika chini ya ardhi. Lakini kofia moja inadumu miaka, na bandeleti moja inatumika mara moja tu. Chupa ya insulini nayo inaisha, inapasa kuchukua ingine. Na kila kitu kinachonunuliwa mwezi kwa mwezi, siku moja mutu wa hesabu atakitazama na kuuliza: «Hapa hatuwezi kupunguza?»

Swali hilo limekwisha kuulizwa katika inchi nyingi, zenye utajiri na zenye umaskini. Fasi zingine walipunguza kwa akili, na wagonjwa hawakupata hasara kubwa. Fasi zingine msaada ulikatika, na watu wakaingia katika hatari ya kufa. Inafaa ujue namna ya kutenga mambo hayo mawili, maana boni ya nyumba yako nayo inaweza kupunguzwa siku moja. Siku hiyo ujue nini unaweza kuacha, na nini usikubali ikatwe hata kwa siku moja.

TUELEWANE KWANZA JUU YA UGONJWA

Chakula tunachokula, bukari, mukate, viazi, kinageuka sukari katika damu. Kuna kiungo nyuma ya tumbo kinachoitwa kongosho. Kiungo hicho kinatengeneza insulini, na insulini ndiyo inaingiza sukari ndani ya mwili ili ipate nguvu. Insulini ikikosekana, sukari inabaki katika damu kama mawe ya shaba juu ya mukanda uliosimama: mali iko pale, lakini kiwanda kinalala na njaa.

Ugonjwa huo una aina mbili kubwa.

Katika aina ya kwanza, mwili hautengenezi tena insulini. Aina hii inaanza mara nyingi katika utoto ao ujana, lakini hata mukubwa anaweza kuipata. Mugonjwa wa aina hii anaishi kwa sindano ya insulini kila siku, mpaka mwisho wa maisha yake. Hakuna kidonge, hakuna muzizi, hakuna maombi ya kufunga chakula yanayoshika fasi ya sindano hiyo.

Katika aina ya pili, mwili ungali unatengeneza insulini, lakini haitoshi ao haitumiki vizuri. Wengi wetu watu wazima tuko katika aina hii. Wengine wanaongoza ugonjwa wao kwa chakula na kutembea, wengine kwa vidonge kama metformini ao glibenklamidi, na wengine nyuma ya miaka wanahitaji insulini vilevile.

Kama hujui uko katika aina gani, ama kidonge chako kinaitwa namna gani, hilo ni jambo la kwanza la kuuliza kwenye dispanseri. Chukua mukebe wa dawa mukononi, njoo nao. Yote tutakayosema hapa chini yanategemea jibu hilo.

DAWA ILIYOUZWA KWA DOLA MOJA

Mbele ya mwaka 1922, mutoto aliyepata ugonjwa wa aina ya kwanza alikufa. Waganga walikuwa na njia moja tu: kumupunguzia chakula mpaka anakuwa mifupa, ili kusogeza kifo mbele kidogo. Tarehe 11 Januari 1922, katika lopitali ya Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipewa sindano ya insulini. Ya kwanza haikumufaa sana. Wakaisafisha zaidi, wakamupa ingine tarehe 23 ya mwezi ule ule, na sukari yake ikashuka. Aliishi miaka mingine 13.

Waliovumbua dawa hiyo, Banting, Best na Collip, waliuza haki yao kwa Universite ya Toronto kwa dola 1 kila mumoja. Hawakutaka dawa ya namna hiyo iwe mali ya mutu mumoja. Na mwaka 1977, Shirika la Afya la Dunia lilipoandika mara ya kwanza orodha ya dawa ambazo kila inchi inapashwa kuwa nazo, insulini iliandikwa humo.

Basi karne moja imepita. Dawa inajulikana, namna ya kuitengeneza inajulikana. Leo mugonjwa wa aina ya kwanza akikufa kwa kukosa insulini, si kwa sababu waganga hawajui dawa. Ni kwa sababu dawa haikumufikia ao feza ya kuilipia haikuwako.

FASI WALIPUNGUZA KWA AKILI

Ontario ni jimbo kubwa la Kanada, ambako serikali inasaidia wazee na watu wengine wengi kulipia dawa na bandeleti. Bandeleti zilikuwa zinakula feza nyingi. Mwaka 2009, shirika la Kanada linalochunguza faida ya dawa na vyombo vya kuganga, CADTH, lilisema kwamba watu wazima wengi wa aina ya pili wasiotumia insulini hawapati faida kubwa wakijipima kila siku. Kidole kinatobolewa, namba inaandikwa katika kitabu, lakini matunzo hayabadiliki.

Tangu tarehe 1 Agosti 2013, Ontario iliweka mupaka wa bandeleti kwa mwaka:

– anayetumia insulini: bandeleti 3.000, ndiyo kusema 8 kwa siku;

– anayetumia vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi: 400, kama moja kwa siku na kidogo juu yake;

– anayetumia vidonge vingine, ao anayejitunza kwa chakula tu: 200, karibu 4 kwa juma.

Australia nayo ilifanya vivyo hivyo tarehe 1 Julai 2016. Mutu wa aina ya pili asiyetumia insulini anapewa bandeleti za bei ya serikali miezi 6 ya kwanza, wakati angali anajifunza ugonjwa wake. Kiisha, muganga akiona kuna sababu, anaweza kumuandikia miezi 6 ingine.

Angalia vizuri, ndugu. Hawakusema: «Kila mugonjwa apunguziwe nusu.» Kupunguza nusu kwa wote kunaonekana kama haki, sababu wote wanapata sawa. Lakini si haki. Ni kama kumupa mutu wa biro na mutu wa shimo kofia nusu nusu. Hawa waliuliza kwanza: nani bandeleti inamuokoa, na nani bandeleti inamutuliza tu moyo? Mutumiaji wa insulini aliachiwa nyingi kuliko wote. Na mulango wa muganga ulibaki wazi huko Australia kwa yule mwenye sababu ya kweli.

FASI ULINZI ULIKATIKA

Sasa twende Marekani, katika jimbo la Minnesota. Huko matunzo yanalipwa mara nyingi na asiransi, na kijana anaweza kubaki katika asiransi ya muzazi wake mpaka afikishe miaka 26. Katika muji wa Minneapolis kulikuwa kijana aitwaye Alec Smith, mugonjwa wa aina ya kwanza, aliyetumika katika restora. Mwaka 2017 alifikisha miaka 26 na asiransi ya mama yake ikamwacha. Farmasi ikamuambia bei ya insulini na vyombo vyake: karibu dola 1.300 kwa mwezi. Hakuwa nazo. Akaanza kubana dawa, kujipiga kidogo kuliko anavyopashwa, akingoja siku ya mushahara. Mwezi haukuisha tangu atoke katika asiransi, wakamukuta amekufa nyumbani mwake.

Hakuwa mulevi, hakuwa mutu wa kuzarau dawa. Alijaribu kufanya kama sisi wote tunavyofanya mwisho wa mwezi: kunyoosha kidogo ili kifike. Unga unaweza kuunyoosha. Makala unaweza kuyanyoosha. Insulini hainyooshwi.

Mama yake na watu wengine walipigania jambo hilo, na mwaka 2020 Minnesota ikaweka sheria yenye jina la kijana huyo. Mutu aliyekosa insulini anaweza kupewa ya siku 30 kwenye farmasi, asilipe zaidi ya dola 35.

Karibu na sisi, Afrika ya Kusini, inchi ya migodi kama yetu, lilitokea jambo lingine mwaka 2024. Lopitali za serikali zilikuwa zinatoa insulini katika stilo, kile chombo kinachofanana na kalamu: unazungusha namba, unabonyeza. Kompani ya Danemark, Novo Nordisk, iliyokuwa inazileta, haikuomba tena mukataba ulipokwisha. Ilisema kwamba uwezo wake wa kutengeneza hautoshi. Stilo zikakosekana, na wagonjwa wakarudishwa kwenye chupa na sindano. Dawa haikukatwa, lakini chombo kilibadilika. Kwa muzee mwenye macho mazaifu ao mikono inayotetemeka, kuvuta dawa toka chupa ni kazi ngumu, na kosa la alama chache linaweza kumulaza lopitali. Kwa hiyo chombo kikibadilishwa, mugonjwa afundishwe upya mbele ya kuondoka dirishani. Kumupa chupa na kumuambia «ni dawa ileile» hakutoshi.

NA SISI HAPA?

Katika Kongo, Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamuomba muajiri atoe matunzo na dawa kwa mutumikaji na jamaa yake mpaka mwisho wa mukataba. Wasiokuwa na muajiri wa namna hiyo, wengi wanajilipia wenyewe, farmasi kwa farmasi. Kwa hiyo mugonjwa wa sukari anayeandikwa kwenye karte ya matunzo ana bahati ambayo jirani yake hana.

Lakini soma tena yale maneno: mpaka mwisho wa mukataba. Wazee wa Katanga wanakumbuka mwaka 2003, mupango wa kuondoka kwa mapenzi ulipotoa watumikaji zaidi ya 10.000 katika Gécamines. Nyuma ya kila jina kulikuwa bibi, watoto, na pengine mugonjwa wa kila siku. Siku ya kuandika mukono kwenye karatasi, mutu anahesabu feza anayopewa. Ni wachache wanaohesabu sindano.

Kwa hiyo kuna siku tatu ambazo ninakuomba uzitazame mapema kama una mugonjwa wa insulini nyumbani: siku mukataba wako utakapokwisha, siku utakapoingia retreti, na siku mutoto wako atakapopita umri wa kuandikwa kwenye karte yako. Usingoje siku yenyewe ifike. Miezi 6 mbele, uliza kwa biro ya watumikaji: «Mugonjwa wangu atapata wapi insulini yake?» Kama jibu haliko, una miezi 6 ya kulitafuta. Mukiulizwa siku ya mwisho, muna chupa moja tu katika frigo.

WEWE UKO KATIKA SAFU GANI?

Safu A: unatumia insulini. Insulini, sindano na bandeleti zako zisiguswe. Mugonjwa wa aina ya kwanza anapimwa mara 4 kwa siku ao zaidi. Bila bandeleti unajipiga insulini gizani, kama shofele anayeshuka katika mugodi bila taa.

Safu B: unakunywa glibenklamidi ao kidonge kingine cha kusukuma kongosho. Vidonge hivyo vinashusha sukari hata ukikosa kula. Unahitaji bandeleti chache, lakini usikose kabisa: siku unapobadilishiwa dawa, siku unapougua, siku ya kazi nzito, na mbele ya kuendesha mashini.

Safu C: unatumia metformini peke yake, ao chakula na kutembea tu. Sukari yako haishuki kwa gafula kwa urahisi. Wewe unaweza kuacha kujipima kila siku bila hofu, kama muganga wako hakukuambia vingine. Kinachokufaa ni kipimo cha laboratwari kinachoonyesha sukari ya miezi 2 ao 3 iliyopita, na kutazamwa miguu, macho na damu inayopanda. Ukiona mutu wa safu A anapewa mikebe mingi kuliko wewe, usinune. Haibi yako.

MUTU WA POSTI NA SHOFELE

Ndugu unayeendesha kamio, greda ao mashini ya kuinua, ukiwa katika safu A ao B, hatari yako kubwa kazini ni sukari kushuka. Dalili zake: kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya gafula, moyo kupiga mbio, hasira bila sababu, macho kuona ukungu. Wenzako wanaweza kuwaza kwamba umelewa. Ukiendelea, unapoteza akili nyuma ya volanti.

Pima mbele ya kupanda. Chini ya 90, kula kwanza. Chini ya 70, usipande: kula sukari vipande 3, ao kunywa maji yenye vijiko 3 vya sukari, ngoja dakika 15, pima tena. Sukari ikipanda, kula chakula cha kweli, na ungoje dakika 45 mbele ya kuendesha. Mufukoni mwako vipande vya sukari visikosekane, posti ya muchana ao ya usiku. Na umuambie kapita wako na mwenzako mumoja. Kuficha ugonjwa hakukulindi wewe, na kunahatarisha wote walio mbele ya magurudumu yako.

Hapo ndipo utaona bandeleti moja ina samani gani. Ukihesabu bei yake peke yake, ni gharama. Ukiiweka pembeni ya kamio iliyojaa mawe katika mutelemuko, hesabu inageuka.

NYUMBANI: MAMBO YA KUFANYA NA YA KUACHA

Usigawanye insulini ya mugonjwa mumoja kwa wawili, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Upendo huo unaweza kuzika wote wawili.

Usiruke siku. Hata mugonjwa wa aina ya kwanza asipokula, hata akitapika ao akiwa na malaria, insulini haikatwi yote. Kipimo kinaweza kubadilika, na hicho kinaamuliwa pamoja na muganga. Ukimuona ana kiu isiyoisha, anakojoa kila mara, tumbo linauma, anatapika, anavuta pumzi kwa nguvu, mudomo unanuka kama tunda lililoiva sana, ana usingizi usio wa kawaida, usingoje asubuhi. Mupeleke lopitali usiku uleule. Ugonjwa huo unaweza kuua kwa siku chache.

Usichanganye sindano. Insulini nyingi za leo zina vipimo 100 katika mililita 1, na sindano yake imeandikwa 100. Kuna sindano za zamani zilizoandikwa 40. Ukivuta insulini ya 100 kwa sindano ya 40 mpaka alama ya 20, umevuta vipimo 50. Hiyo ni mara mbili na nusu ya dawa yako! Soma chupa, soma sindano, namba zifanane. Ukinunua mahali pengine, leta chombo tukitazame pamoja.

Linda chupa na joto. Isiyofunguliwa inakaa katika frigo, lakini isigande: iliyoganda inatupwa. Iliyofunguliwa inatumika kwa majuma 4. Kama huna frigo, ao umeme unakatika kila siku, tia chupa katika mufuko wa plastiki uliofungwa vizuri, iweke ndani ya chungu kidogo, chungu hicho kikae ndani ya chungu kikubwa, na kati yao mutie muchanga unaolowanishwa kila siku. Weka penye kivuli na upepo. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Universite ya Geneva walichunguza insulini katika joto la kambi ya wakimbizi huko Kenya, joto linalopanda na kushuka kati ya digri 25 na 37, na mwaka 2021 walitangaza kwamba nyuma ya majuma 4 nguvu yake ilikuwa ingali sawa. Joto la kweli la kuogopa ni lile la dirisha lenye jua, la sanduku la motokari, na la rafu iliyo juu ya mbabula.

Usiache insulini kwa ajili ya mutu anayeuza majani na kusema kwamba yanamaliza ugonjwa. Ukitaka kunywa majani yake, utuambie. Lakini sindano iendelee.

BONI IKIPUNGUZWA, FANYA HIVI

Siku utakapoona boni imepungua, usitukane mutu wa dirishani. Yeye hakuamua. Uliza maswali matatu: Kilichopunguzwa ni nini, dawa ao bandeleti? Kimepunguzwa kwa nani, kwa wote ao kwa safu fulani? Na muganga akiona kuna sababu, mulango gani uko wazi? Andika majibu, na chupa uliyo nayo itatosha siku ngapi.

Kama uko katika safu A na insulini ao bandeleti zako zimekatwa, usirudi nyumbani kunyoosha. Uombe kuonana na muganga siku hiyo hiyo, na uende kwa mujumbe wa sendika na karte yako. Kusema kwa utaratibu kunasaidia. Katika jimbo la Alberta, Kanada, mwezi wa Mei 2022 serikali ilitangaza kwamba itaacha mupango wake wa kulipia pampu ndogo za insulini zinazofungwa mwilini. Wagonjwa na wazazi wao walieleza namna wanavyoishi, na mwezi ule ule serikali ikasimamisha uamuzi wake.

Na ninyi wakubwa munaotia mukono kwenye mahesabu, ukurasa huu ni wenu vilevile. Mwezi wa Mei 2022, inchi zote za Shirika la Afya la Dunia, na yetu pamoja nazo, zilikubaliana juu ya mambo ya kufikia mwaka 2030. Mumoja wa mipaka hiyo unasema kwamba wagonjwa wa aina ya kwanza, wote, 100 kwa 100, wapate insulini kwa bei wanayoiweza na vyombo vya kujipima. Hawakusema nusu. Mukilazimishwa kupunguza, anzeni na bandeleti za safu C, tena pamoja na waganga, mukiacha nafasi kwa wenye sababu. Bandeleti za safu A zibaki. Na insulini isifike mezani penye mazungumuzo hayo.

Kazi yetu sisi watu wa dispanseri ni kuandika kila mugonjwa katika safu yake, ili siku ya kuulizwa tuonyeshe majina na sababu. Kazi yako, ndugu mutumikaji, ni kuleta mukebe wako tuusome pamoja. Na kazi yako, mama, ni kuhesabu chupa zilizobaki kama unavyohesabu unga wa posho, na kutuma mutu kwetu ingali imebaki ya majuma mawili, si siku inapokwisha.

Dirisha linafunguliwa kila asubuhi. Njoo mbele chupa haijaisha.